Simiti Katikati ya Majani Chai

Mimi si mtu wa kushangaa. Nilitoka darasa la nne nikaenda kuchuma majani chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nikauza ndama mmoja nikanunua wawili, na kufikia miaka ya tisini nilikuwa na kinu cha posho pale Roret, pikapu, na nyumba yenye madirisha ya vioo. Nilisema hadharani, hata nje ya kanisa, kwamba hakuna kitu chini ya jua kitakachonifungua mdomo tena.

Basi wakaja watu wa kutafuta mafuta. Kampuni ndogo tu, malori machache na mtambo mmoja wa kuchimba, mkongwe, umeungwaungwa kila mahali. Walizunguka na vyombo vyao, kisha wakapiga kigingi chekundu kwenye malisho ya jirani yangu, karibu kabisa na ua wangu. Wakasema mafuta yakipatikana, mwenye shamba atapewa fungu lake.

Nilikosa usingizi. Jirani mwenyewe hakuwa hata na baiskeli! Nikamwalika msimamizi wa uchimbaji, mtu mpole wa kutoka upande wa ziwa. Nikamchinjia kondoo, nikamfungulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, na aliposhiba nikamwambia:

"Ndugu yangu, hicho kigingi hakiwezi kusogea kidogo, kije kwangu?"

Akajifuta mdomo. "Kinaweza, mzee. Kwetu ni sawa tu. Lakini hapa kwako kuna majani chai."

"Hayo ni yangu. Kesho hutayaona."

Mke wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Chai hiyo aliipanda yeye, akiwa na mimba ya kifungua mimba wetu, na bonasi yake ndiyo iliyokuwa ikilipa karo.

"Baba ya watoto," akasema, "kuna mtu anang'oa chai?"

Kwetu hakuna. Ng'ombe utauza, hata kipande cha shamba utauza, lakini chai inakuzika wewe, wewe huiziki.

"Mafuta hayangoji mvua," nikamjibu, nikaita trekta.

Wakachimba miezi mingi. Tope la kijivu lilitoka chini, nami kila asubuhi nilichota kidogo nikanusa. Jirani akawa anakuja kwenye ua kuniangalia.

"Boss, leo mafuta yamenukia?"

"Bado kidogo."

"Pua ikikushinda nitakuazima ya mbwa wangu."

Siku moja mngurumo wa mtambo ukakatika. Nikatoka mbio na kandambili za nyumbani. Nikakuta wale watu wanakula githeri, wanacheka, mabomba yameanza kupakiwa kwenye lori.

"Mmepata?"

"Hakuna kitu, mzee," msimamizi akasema, kama mtu anayesema sukari imeisha. "Hiki ni kisima cha kumi na moja kwangu."

"Cha kumi na moja kupata?"

"Kukosa. Kazi yetu ndiyo hivyo. Vingi vinatoka vikavu."

Nikakaa juu ya bomba. Mtu mzima, ana mshahara, na kazi yake ni kukosa! Mimi ndama mmoja akinifia, chakula hakipiti kooni. Hapo ndipo nikakumbuka lile neno lake, "kwetu ni sawa tu." Mtu anayejua kitu kiko wapi hahamishwi na nyama ya kondoo.

"Basi niachieni shimo," nikasema. "Nitatoa maji, niuze."

"Haiwezekani. Lazima lizibwe."

Na wakaliziba nikiwa nimesimama pale pale. Simiti, gunia juu ya gunia, simiti ya kujenga nyumba ya mawe, ikamiminwa chini ambako hakuna jicho litakaloiona. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sidhani nitaona tena.

"Funga mdomo, boss," jirani akaniita kutoka kwenye ua, "simiti isiingie."

Walipoondoka, mke wangu alikwenda akaikanyaga ile simiti kwa kisigino, akaona ni imara, akaanika wimbi lake la uji juu. Hakunigombeza. Wimbi lilipokauka ndipo akasema, "Sasa baba ya watoto, nataka miche. Na watu wa kuchimba mashimo ya kawaida, yenye mwisho."

Pikapu ikauzwa. Nikijumlisha yule kondoo, trekta, miche, vibarua, mbolea, na karo ya ile miaka tuliyongoja chai ikue, kule kufunguka mdomo kulinigharimu shilingi elfu themanini na saba, mia sita na arobaini.