Ekseli ya Tela la Bibi

Juzi nilisimama kwenye duka la vipuri pale Bariadi mjini, nataka ekseli ya tela langu la kubebea pamba. Muuzaji, kijana mcheshi, akaniuliza: "Mama, kati ya tairi na tairi kuna sentimita ngapi? Unabeba mzigo gani?" Nilijibu vizuri tu, maana nilikuwa nimepima. Lakini mwenzangu, akili haikuwa pale tena. Ilishafika kwa Bibi, kwenye uwanja wetu uliozungukwa na minyaa, kwenye harufu ya oili chafu na maziwa mgando.

Bibi alikuwa na tela la ng'ombe, na tela ndilo lilikuwa miguu yake, kwa kuwa nyonga ilishamgomea zamani. Anakaa juu ya magunia, mguu mmoja kaunyosha, anasalimia kila mtu, mwadila huku, mwadila kule, mpaka unasahau mnakwenda wapi. Sisi watoto nyuma tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Matela ya miaka na miaka yalikuwa yameichimba ile njia mifereji miwili, kina cha goti la mtoto. Magurudumu yakishaingia humo, hata ukisinzia ng'ombe wanakufikisha.

Msimu mmoja wa kuchuma pamba, ekseli ikakatika. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba mdogo wake, bibi mdogo aliyeolewa ng'ambo ya mto, yu taabani, hali chakula, anamwita dada yake tu. Kwa mama yao walikuwa wamebaki hao wawili. Jamani, Bibi alihangaika!

Fundi wa kuchomelea akaja mbio na ekseli ya pikapu mbovu, ndefu, nene. "Hii, mayu, haikatiki mpaka tuzikwe wote," akajigamba. Bibi akaagiza kamba ya katani. Akatutuma tukapime njia, mfereji hadi mfereji, tufunge fundo. Kamba ilipowekwa juu ya ekseli, ekseli ikazidi shubiri nzima.

"Sasa hii itapita wapi?" Bibi akamuuliza. "Au na barabara umeniletea?"

Kuikata na kuiunga hakutaka kusikia. Ile ya kwanza ilikatikia palepale penye kiungo. Mama akamsihi waende hivyohivyo, mgonjwa hangoji. Bibi akakataa katakata. Gurudumu moja mferejini, jingine juu, alisema, tutapinduka mtoni, na mdogo wangu atakufa ananisubiri. Fundi akarudi mjini kutafuta nyingine. Bibi akakaa kando ya ghala, uso kauelekeza mtoni, hakugusa hata mlenda anaoupenda. Niliogopa sana. Nilijua mdogo wake akifa siku ile, Bibi hatajisamehe.

Kesho yake mchana fundi akaja na ekseli ya gari dogo. Fundo likakaa sawasawa. Tukafunga magurudumu, tukapanda, na tela likatumbukia mferejini taratibu, likaanza kutubembeleza. Pamba nyeupe huku na huku, vumbi, kwato, mlio wa chuma kipya. Mpaka leo sijui ni wapi nilikuwa macho na wapi niliota. Nakumbuka tu kwamba siku ile Bibi hakumsalimia mtu.

Bibi mdogo alikuwa amelazwa uani juu ya ngozi ya ng'ombe. Alipomwona dada yake akishushwa, akainua mkono.

"Umekawia," akasema.

"Nilikuwa napima," Bibi akajibu.

Wakacheka, weee, wakacheka mpaka wakalia, kisha wakajilaza kwenye ngozi ileile kama watoto. Tulikaa huko hadi bibi mdogo alipofariki, kichwa chake mapajani mwa Bibi.

Njia ile sasa imepitiwa na greda, imepanuliwa, haina mfereji hata mmoja. Ekseli yoyote inapita. Jana nililipeleka tela langu huko kulijaribu, nikavuka daraja, nikafika chai bado ya moto kwenye chupa. Pale palipokuwa na ua wa bibi mdogo ni shamba la dengu. Nikazima trekta, nikakaa. Sikuwa na wa kuniambia nimekawia.