Ubao wa Baba

Baba yangu ni seremala, na penseli haimtoki sikioni. Kabla ya kufunga karakana hukaa na kujihoji, kisha huandika kosa lake la siku kwenye ubao wake ule ule. Akiliacha kosa hilo, hulikwangua kwa randa. "Fundi, ubao utaisha!" wateja humtania. "Uishe, ndiyo kazi yake," hujibu. Umebaki mwembamba kama rula, na kosa moja hulirudia miaka nenda miaka rudi: "Siombi radhi." Jana Baba alimfokea mteja kwa kipimo alichokikosea yeye mwenyewe. Leo alimwona akipita, akamfuata hadi barabarani, mbele za watu: "Mama, kosa lilikuwa langu. Niwie radhi." Akarudi, akashika randa, akalikwangua lile kosa la miaka yote. Kufagia karakana ni kazi yangu, lakini maranda yale ya ubao niliyatia mfukoni.