Huu Nausikia

Mume wangu hawezi kusikiliza wimbo bila kuuliza umeme wake umepita wapi. Nimeishi naye muda wa kutosha kuzoea, lakini sijazoea. Kazi yake ni pampu za maji kule Ruvu, na wenzake wa zamu husema huijua pampu inayotaka kuugua kabla kipimo hakijaonyesha. Akirudi nyumbani kwetu Kibaha, masikio yale yale huyahamishia kwenye amplifaya aliyoiunda mwenyewe na spika ambazo makasha yake aliyachonga kwa mbao za mninga. Sebule ni yangu kwa jina tu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Maili Moja, na vitambaa vyangu navikunja na kuvifungia kabatini. Nyaya zake hulala kwenye kochi, na wageni hukaa kwenye stuli.

Mwanzoni nilidhani anahangaikia spika. Kumbe anachohangaikia ni ule waya wa kawaida kabisa, unaotoka kwenye soketi ya ukutani na kuingia nyuma ya amplifaya. Anasema umeme wetu unafika umechoka na umebeba uchafu wa kila friji na kila mashine ya kuchomelea iliyo njiani, kwa hiyo hatua ile ya mwisho lazima ipite mahali safi. Basi hununua waya mnene wa shaba, akaukata, akazivisha nyuzi upya moja moja, kisha akazisuka pamoja huku akikaza kwa kidole gumba. Hasuki kwa haraka. Akikosea, hufumua mpaka mwanzo hata kama kosa lenyewe halionekani. Napenda sana kumtazama. Kuna wanaume ambao ukiwaona kazini unasahau kwamba asubuhi ulikuwa umewanunia, na mimi nimeolewa na mmoja wao.

Mbishi wake mkubwa ni rafiki yake, mwenye duka la vifaa vya muziki jirani na kibanda changu. Miaka yote alikuwa akisema waya ni waya, ama unapitisha umeme ama haupitishi, mengine ni ushirikina. Halafu siku moja akapata waya wa dukani kutoka ng'ambo, mnene kama mpini wa jembe, umevikwa wavu mweusi unaong'aa, na plagi zake za rangi ya dhahabu. Kuanzia hapo akageuka. Sasa waya si waya tena, waya ni huo wake, na ule wa mume wangu ni kamba ya kuanikia nguo.

Wakaja kusikilizia sebuleni kwangu. Wanazima, wanachomoa, wanachomeka, wanawasha, wanafumba macho. Wimbo ule ule wa zilipendwa, kipande kile kile cha gitaa, mpaka nikaanza kuuchukia wimbo niliouchezea siku ya harusi yangu. Mume wangu akasema kwa waya wake gitaa linasogea mbele na kinanda kinapumua. Yule rafiki yake, ambaye mimi namwita shemeji, akasema kwa waya wake besi inakaa chini vizuri na haitetereki. Waliponiuliza mimi, niliwajibu kila mmoja alichotaka, ili niwahi kupika. Ukweli ni kwamba tofauti huwa naisikia, lakini ni siku zile ninapokuwa na furaha na mume wangu, na siku hizo hata redio ndogo ya jikoni huimba vizuri.

Kwa kuwa hawakuafikiana, mume wangu akasema atakayeamua ni mama yake.

Hakuwa anatania. Mama mkwe wangu anaishi Kurui, ndani huko Kisarawe, na sifa ya masikio yake ni ya tangu ujana. Ngoma zilipokuwa zikipashwa moto kabla ya kuchezwa, yeye ndiye aliyeitwa, akisimama mbali kidogo, na kusema ipi bado ina maji kwenye ngozi. Mume wangu amekua akiamini kwamba masikio aliyonayo amerithi kwake. Umeme ulipofika kijijini, kitu cha kwanza alichompelekea mama hakikuwa friji wala pasi. Alimpelekea muziki, amplifaya ndogo na spika, akazifunga mwenyewe chumbani kwake. Na kila akipata mapumziko, hata wiki ikiwa na mvua na barabara imekuwa uji, huenda kuurekebisha. Watoto wengine wa mama huonekana Sikukuu kwa Sikukuu. Huyu wangu haishi kwenda.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Kwa muda sasa nilikuwa nikimwona mama akicheka baada ya wenzake kumaliza kucheka. Ukipiga hodi ukiwa nyuma ya nyumba haitikii, mpaka kivuli chako kimfikie. Siku moja sufuria lilianguka jikoni kwa kishindo, mimi nikaruka, yeye akaendelea kusuka mkeka wake. Nilipomwambia mume wangu kwamba nadhani mama hasikii vizuri na tungempeleka hospitali, alinikasirikia. Ni mara chache sana ananipandishia sauti. Alisema mama ana masikio kuliko sisi wote tukiunganishwa, na kama anakaa kimya ni kwa sababu watu wa siku hizi hawana la kumsikilizisha. Niliona kwamba kitu anachokiogopa si waya wake kushindwa. Anaogopa kwamba mama anaondoka kidogo kidogo, na kwamba mlango ulioanza kufungwa ni wa masikio, ule alioupenda yeye zaidi.

Kwa hiyo tulipokwenda Kurui kwa gari la shemeji, wale wawili walikuwa wakibishana habari ya waya, na mimi kiti cha nyuma nilikuwa naomba Mungu aibu isitukute mbele ya mgeni.

Mama alitupokea kwa utani kama kawaida. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia Pwani na ng'ombe zao, na Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi. Mkwe mwingine angekaa na mama mkwe kwa adabu ya kuinamisha macho. Sisi wawili utani umetupunguzia mzigo huo. Aliniuliza leo nimewafunga wapi ng'ombe wangu, nikamwambia nimewaachia shamba lake la muhogo wajipimie. Alikuwa akinitazama mdomo nilipokuwa nikisema. Mume wangu alikuwa ameshatupa kisogo, yuko nyuma ya amplifaya anapangusa vumbi.

Shemeji akataka haki itendeke. Mama asiuone waya, alisema, maana akiujua wa mwanawe atampendelea. Wakafunga kamba toka ukutani hadi ukutani, wakaning'iniza kanga, vyombo vyote vikawa nyuma yake. Tatizo ni kwamba chumba kina soketi moja tu, na hiyo iko upande wa mkeka anapokaa mama. Waya ilibidi upite pembeni mwa paja lake. Basi nao wakaufunika kwa kanga nyingine, wakaridhika. Mama akaelezwa kwa sauti kubwa na mikono mingi kwamba atasikiliza, kisha aseme upi mzuri.

Wakaanza. Waya wa dukani ukachomekwa, gitaa likalia. Mama alikaa, mkono mmoja mapajani, mwingine chini ya kanga, macho yametulia. Wakazima, wakabadilisha. Ukaingia waya wa mume wangu.

"Huu nausikia," mama akasema.

Mume wangu alifumba macho. Wakabadilisha tena, ukarudi wa dukani. Mama akatikisa kichwa, akasema huu hausikii vizuri, umejaajaa tu. Shemeji akageuza utaratibu ili amchanganye, akarudia wake mara mbili mfululizo, akajifanya anabadilisha naye habadilishi. Mama hakukosea hata mara moja. Kila ulipoingia waya uliosukwa nyumbani, alisema anausikia, na uso wake ukalainika. Nilimwona shemeji akianza kuamini. Mimi mwenyewe nilijilaumu kimoyomoyo kwa kumzulia mzee wa watu uziwi. Na mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wakachomeka tena ule wa mume wangu, kwa mara ya mwisho, ili shemeji asibaki na hoja. Wimbo ukaanza, gitaa likaingia, na umeme ukakatika.

Chumba kizima kikanyamaza. Nje alisikika kuku mmoja na mtu anayetwanga, mbali. Tulikuwa tunangoja mmoja wetu alalamike kama ilivyo ada, na katika ukimya huo mama akasema, polepole na kwa furaha ya kweli:

"Huu ndio wenyewe. Huu nausikia sana."

Mkono wake chini ya kanga ulikuwa unakwenda na kurudi. Ndipo nikaelewa, na nadhani wote tulielewa pamoja. Sisi tulikuwa tunasema muziki, huu unausikia? Yeye alikuwa anajibu habari ya waya, huu nausikia. Lugha yetu haikutusaidia. Kusikia ni kwa masikio, na ni kwa pua, na ni kwa ngozi, na neno "huu" hubeba waya na muziki kwa mkono mmoja. Tulikuwa tumemziba macho, tukamwachia vidole.

Mume wangu hakuweza kuuliza. Shemeji alikuwa mgeni, hakuwa na haki. Nilibaki mimi, na kitu pekee kilichonipa haki ni utani. Nikaenda kukaa mbele yake mkekani, nikamshika magoti, nikasema kwa mdomo ulio wazi, "Mama, nyie Wazaramo mmecheza ngoma mpaka masikio yamekwisha?"

Alinitazama. Kisha akatazama kanga iliyokuwa ikitikiswa na spika, sasa imetulia, akatutazama sisi mmoja mmoja, akajua kwamba muziki ulikuwa umezima. Akacheka kicheko kifupi.

Akatueleza bila kuona haya. Masikio yalikuwa yamemuaga zamani, kwanza moja, halafu la pili likafuata mwenzake. Waya wa mwanawe aliutambua tangu alipougusa mara ya kwanza, kwa sababu umesukwa kama ukili wa mikeka anaosuka yeye, na umelalia upande mmoja vile vile wa kwake unavyolalia, kwa sababu ya kidole chake kilichopinda. Mwanawe ana vidole vilivyonyooka. Kosa hilo alijifunza kwa kumtazama mama akisuka. Alivyokuwa anaeleza, aliutoa waya chini ya kanga na kumwonyesha shemeji mahali pa kuangalia, na shemeji, mbishi yule, akaushika kwa mikono miwili na kusema ni kazi nzuri, hajawahi kuushika vizuri kabla ya leo.

Mume wangu alikuwa bado amesimama kando ya spika. Ndipo akauliza, kwa sauti ambayo mama hangeisikia hata akiwa na masikio ya ujana, kwa nini hakumwambia. Ilibidi nimrudishie mama swali mimi.

"Ningemwambia, angefungua vyombo vyake arudi navyo Kibaha," mama alisema. "Atakuja tena kumfanyia nini kiziwi? Wenzake wanakuja Sikukuu. Huyu anakuja kwa ajili ya muziki, nikasema acha uwepo. Mimi namtazama mgongo wake pale anavyohangaika, natosheka."

Nililia, sitaki kusingizia vumbi. Nililia kwa kumpenda mama, na kwa kumpenda mume wangu. Mwanamume amesafiri njia yote ile, mvua na jua, kumpelekea mama yake sauti iliyo safi kuliko zote awezazo kuitengeneza kwa mikono yake, na kumbe siku zote alikuwa amempa mgongo.

Aliivuta kanga ikaanguka na kamba yake. Akaja akakaa mkekani, akanisogeza mimi kwa upole, akakaa pale nilipokuwa, magoti yake yakigusana na ya mama yake. Akaanza kumweleza habari za Ruvu. Pampu iliyosumbua wiki ile, mto ulivyopanda, mwenzake wa zamu aliyepata mtoto. Alisema taratibu, akiufungua mdomo kila neno, na mama akiufuata kwa macho, akiuliza, akimrudisha nyuma pale palipompita. Sikumbuki kama niliwahi kuwaona wakizungumza hivyo. Shemeji akatoka nje kimya kimya, akaenda kukaa garini.

Walikuwa wamefika kwenye habari ya yule mtoto wakati umeme uliporudi. Gitaa likaanza lenyewe nyuma yake, kupitia ule waya wake, safi kabisa, limesogea mbele na kinanda kinapumua, kama alivyokuwa akisema siku zote, na hata mimi nililisikia. Mume wangu hakugeuka.