Kumi na Nne, Halafu Sita

Habari hii inaniaibisha, na mkinicheka mna haki. Muuza maharage wa pale Sakina, mzee niliyefanya naye kazi miaka mitatu, tumemzika Jumamosi kwao juu Meru, katikati ya kahawa na migomba yake. Kuna karatasi moja nilimsomea vibaya.

Mzee huyo hakununua gunia kwa macho. Alikuwa na bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, analichoma gunia juu, katikati, na chini kabisa, maharage yanamwagikia kiganjani. Wakulima walilalamika: "Mzee, unatupekua kama polisi!" Yeye anacheka: "Ya juu mmenipambia. Nataka kuongea na ya chini." Mimi na darasa la saba langu ndiye niliyekuwa msomaji wake, maana miwani yake aliikalia zamani.

Mwaka jana akaanza kuchoka ovyo, damu ikimvilia chini ya ngozi bila kugongwa. Hospitali wakamtoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, ule uji wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. "Na mimi leo nimechomwa bambo," akaniambia. Majibu yakasema katika kila chembe mia, kumi na nne ni changa, zile ambazo hazijakomaa, na zikizidi sana inakuwa saratani ya damu. Daktari akarudia kipimo kabla ya kuamua dawa. Majibu ya pili niliyafungua mimi, dukani: sita! Jamani, nilipiga kelele Sakina nzima ikageuka. "Mzee, zimeshuka! Umezifukuza bila hata panadol!" Nikanunua soda. Jumatatu ilikuwa kliniki, lakini maharage mapya yalikuwa yanaingia. Mimi ndiye niliyesema, "Uende kufanya nini tena?" Hakwenda.

Wiki tano baadaye akaanguka pembeni ya mizani. Daktari akaweka karatasi zote mbili mezani. "Nani kawaambia zimeshuka?" Akaeleza taratibu kwamba uboho unaovutwa mwanzo ndio mzito. Ukiendelea kuvuta, damu ya kawaida inaingia, inauzimua, na chembe changa zinaonekana chache. Halafu anayehesabu ni mtu na hadubini, anahesabu mia kadhaa tu, na mwenzake akishika kioo kingine chenye tone la uboho ule ule anaweza kupata tofauti. "Namba zikipishana hatuchagui ile tamu. Tunatafuta kwa nini zimepishana. Ndiyo maana niliwaita." Nikauliza kama tumechelewa. Akasema hajui. Hilo "sijui" ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Siku hizi majibu yanatufikia mpaka kwenye simu, na tunayasoma kama matokeo ya mpira: nani kashinda, basi. Mimi nimeshika bambo miaka mitatu, na siku niliyolihitaji kichwani halikuwepo.

Baada ya maziko nilimfuata mama, mkewe, nikamwambia yote. Akanishika mkono.

"Alijua, mwanangu. Siku ile ya soda alirudi akaniambia, 'Kijana kalichoma gunia juu tu.' Nikamuuliza, sasa mbona hukumwambia? Akasema, 'Na mimi leo nilitaka ya juu.'"