Moshi wa Nyumba ya Mama

Mama yangu alipopooza upande wa kulia nilimhamishia kwangu, kwenye chumba na sebule nilivyopanga ng'ambo ya bonde. Nyumba yake ikabaki tupu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mahindi ya Ufipa anayanunua yeyote mwenye lori na magunia, na wafanyabiashara kutoka Mbeya walikuwa wanagombea nyumba hapa Sumbawanga. Hospitalini nako mambo yalikuwa yamebadilika. Sindano ununue, dripu ununue, hata glovu za daktari uende nazo mkononi. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi, na mume sina. Nikampangisha mnunuzi mmoja wa mahindi na mkewe nyumba ya mama, akalipa mwaka mzima mbele. Jina lake ninalo, na la mkewe, na la baba wa mkewe aliyekuja kusalimia mara moja tu. Majina ya watu hayanitoki. Humu nayaacha, maana watoto wao bado wapo.

Mama sikumwambia. Nilisema nitamwambia akipata nguvu.

Asubuhi nilikuwa namtoa nje aote jua, kwa sababu baridi ya kwetu mwezi wa sita inaingia mpaka kwenye mifupa. Vya karibu macho yake hayakuvipata, vya mbali aliviona. Siku ya tatu hivi akanyoosha ule mkono wa kushoto.

"Jikoni kwangu kunafuka moshi. Nani amewasha moto?"

Ulimi ukanitangulia. "Ni mama mdogo, mama. Amepanda kutoka Kirando, anakulindia nyumba."

Mama mdogo ni mdogo wake wa tumbo moja, aliolewa kule ziwani. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ndiyo maana moshi mzito vile. Tangu msichana anapikia kuni mbichi. Hana subira huyo."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi anakaa anautazama moshi na kumsema mdogo wake. Leo amechelewa kuamka, mvivu. Leo anachemsha maharage, angalia, haujakatika. Moshi ukiwa mwembamba anasema huyo anaumwa, nenda ukamwone.

"Mbona yeye haji?"

"Magoti, mama. Mlima haumuwezi."

"Haumuwezi au yeye hauwezi? Hata kusema umesahau. Mpelekee huu unga."

Nikaupeleka unga wa ulezi kwa mke wa mpangaji, nikasema ni zawadi ya bibi. Akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Nikirudi naulizwa amesemaje, nami najibu ameshukuru. Hilo halikuwa uongo.

Mwezi wa nane dereva wa lori la dagaa alisimama ninapokaangia maandazi, akanivuta pembeni. Mama mdogo amefariki Kirando, homa ya siku mbili, mazishi kesho. Nilitazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda vilevile, mke wa mpangaji anapika uji. Nikimwambia mama kwamba mdogo wake amekufa, atauliza mbona pale kwake watu hawalii.

Nikaaga kwamba nafuata dagaa, jirani akabaki naye. Nikamzika mama mdogo, nikalia mara mbili, kilio changu na cha mama. Siku ya kuondoa matanga wakatunyoa sisi wa damu, ndiyo desturi yetu. Ningekataaje mbele ya wanawe? Nywele zilipoanguka chini ndipo nikaukumbuka mkono wa mama. Maana kila nilipomwinua kitandani, mimi nainama, yeye ananishika kisogo kwa ule mkono mzima, tunanyanyuka pamoja.

Nilirudi na kitambaa nimekifunga mara mbili, na dagaa nusu gunia ili maneno yangu yawe na ushahidi. Siku tatu nilimwinua kwa kumshika kwapani. Akalalamika namuumiza, nimekwenda ziwani kujifunza kubeba magogo. Siku ya nne aliniwahi. Kitambaa kikateleza. Mkono ukatulia kwanza, halafu akapapasa polepole, kutoka kisogoni mpaka utosini, akarudia.

"Nani amekufa?"

"Mama mdogo."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na moshi wa jana?"

Nikamweleza yote. Mpangaji, magunia yaliyojaa chumbani kwake, sindano zinakotoka. Hakulia. Alisema tu, "Umenificha msiba wangu." Kisha akasema, "Nipeleke kwangu nikamlilie. Siwezi kumlilia ndugu yangu kwenye nyumba ya watu."

Nilikwenda ng'ambo. Kodi ya mwaka nilikwishaila. Mpangaji akikasirika na kuhama, ya kumrudishia sina na dawa za mama zimekwisha hapo hapo. Lakini na mama akifa na kilio kile kifuani, nitaishi nacho mimi. Mume hakuwepo. Mkewe alinisikiliza mpaka mwisho, ufagio mkononi.

"Kumbe ule unga haukuwa wangu," akasema. Halafu, "Bibi aje. Magunia tutayasogeza ukutani. Mume wangu nitamweleza mimi."

Tukamleta mama kwa mkokoteni. Alikaa siku tatu juu ya mkeka katikati ya mahindi ya mtu, nikamnyoa mwenyewe, wanawake wa pale wakaja kukaa naye. Alimlilia mdogo wake kwa Kifipa, akimwita kwa jina lao la utotoni, ambalo sikuwahi kulisikia. Mke wa mpangaji ndiye aliyewapikia wote.

Siku ya kuondoka mama alimshika yule mwanamke mkono. "Mdogo wangu, mimi narudi kule kwa mtoto. Baki salama."

Yule mwanamke akanitazama.

"Haya, dada," akajibu.

Kesho yake asubuhi mama hakusubiri nimwinue. "Nenda kamuulize mdogo wangu ameamkaje."

Kama alikuwa amesahau, au alitaka niubebe uongo wangu kwa miguu yangu, mpaka leo sijui. Nilikwenda. Nilikwenda kila asubuhi mpaka mama alipofariki, na kila asubuhi yule mwanamke alitoka mlangoni akanijibu, "Mwambie dada nimeamka salama."