Jina la Mama Saidi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja kule Bofu. Mbele yangu alisimama mzee ameshika ndara za mkewe. Mke mwenyewe alikuwa ameanguka bafuni, na wauguzi walikuwa wameshampitisha ndani kwa kiti cha magurudumu.

"Jina la mgonjwa?" karani akauliza.

"Mama Saidi."

"Baba, Saidi ni mtoto. Nataka jina lake yeye."

Mzee akajigonga paji la uso kwa ndara. "Wallahi nalijua, mwanangu! Miaka thelathini na mbili niko naye. Liko hapa hapa!" Akashika koo, jasho likimtiririka.

"Kaa kwanza, baba. Pumua."

Akakaa. Akaziweka ndara sakafuni, akazipanga sawasawa kama zinavyokaa mlangoni kwao. Papo hapo akaruka, akalitaja jina mara tatu, kana kwamba litamtoroka tena.

Sikucheka. Neno halipotei kichwani. Likikaa bila kutumiwa, njia yake huota nyasi, na hofu ikija huiziba kabisa. Nasi wanaume wa huku, akishazaliwa mtoto wa kwanza, jina la mke twalifungia kabatini pamoja na cheti cha ndoa.

Jioni ile nilimwita wangu kwa jina lake. Akatoka jikoni mbio, mkono kifuani.

"Kuna nini? Nani amekufa?"