Pua ya Mwanahawa na Pilau la Jumamosi

Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ukisikia namsifia Mluguru ujue nimelazimika. Huyu Mwanahawa namsifia. Miaka ishirini na mbili tunafanya kazi pamoja kwenye majitaka ya mji wa Morogoro, na sijaona mtu anayeyajua mabomba yaliyozikwa kama yeye. Alizaliwa Kinole, akakua akichambua karafuu kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Mjini alianza kwa kufagia ofisi. Leo injinia akitaka kujua bomba la zamani lina hali gani, anamwita yeye.

Kamera ya kuingiza bombani tunayo, lakini mwezi ule ilikuwa Dar kwa matengenezo. Mwanahawa hakubabaika, ana njia yake. Anachemsha karafuu za kwao mpaka mvuke unawasha macho. Tunaziba bomba upande wa chini kwa gunia la mchanga, halafu mimi namimina maji yale kwenye chemba ya juu na kuifunika. Kisha yeye anaifuata njia ya bomba polepole, kila hatua chache anapiga magoti na kunusa. Karafuu ikipanda kutoka ardhini, hapo bomba limepasuka. Isipopanda, ni zima. Anayemimina hasogei alipo yeye, maana ananuka karafuu mwili mzima. Basi mimi kazi yangu ni kukaa na chemba.

Sasa niambie, mtu mzima aliyelelewa Uluguru anasahau vipi kwamba Jumamosi watu wanapika pilau? Tulipima Jumamosi. Na mimi ninayejifanya mjanja nilimimina bila kuuliza.

Bomba tulilokuwa tunapima ni la tangu miaka ya sabini, linapita chini ya uwanja wa Chausiku, mjane anayeuza vitumbua. Siku hiyo alikuwa anamtoa mwali. Binti yake Yasmin alikuwa amewekwa ndani likizo yote ya shule akifundwa na kungwi, na ngoma ilikuwa ichezwe palepale uwanjani alasiri. Mwanahawa alipopiga magoti hapo, karafuu ikamjaa puani. Lakini pembeni ya uwanja masufuria matatu ya pilau yalikuwa yanachemka.

Injinia Hatibu, kijana mpya mwenye adabu zake, naye akainama akanusa.

"Mama, hapa limepasuka," alimwambia Mwanahawa. "Na bomba la maji ya kunywa limepita pembeni yake. Tunachimba sasa hivi."

Wachimbaji wanne walikuwa wameshashika sururu. Chausiku akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya shughuli.

"Mwanangu amekaa ndani mwezi mzima," alisema. "Watu wameshuka kutoka Mgeta. Nitawachezesha ndani ya shimo?"

Mwanahawa alimhurumia, lakini hakumdanganya. "Dada yangu, likiwa limepasuka nitasema limepasuka. Mtaa mzima unakunywa maji hayo. Ila injinia, nipe nusu saa. Harufu hii sijui ni ya bomba au ya pilau."

Hatibu akaangalia saa, akakubali. Wapishi wakaombwa wahamishe masufuria. Thubutu! Mpishi mkuu, Bi Martina, alikaa kwenye kigoda na mwiko mkononi, akasema pilau la mwali halihamishwi likiwa jikoni, labda wamhamishe yeye kwanza. Ndipo Mwanahawa akanipigia simu.

"Ezekiel, hawa ni ndugu zangu, hawanisikii. Wewe ni mtani wao. Oga uje."

Mtani akiingia kwenye shughuli akachukua chakula, huna ruhusa ya kukasirika. Ndivyo tulivyoachiwa na mababu. Nikajisugua kwa sabuni ya kufulia kwenye bomba la dukani, nikaazima fulana ya mwenye duka, nikaenda. Bahati nzuri wachimbaji wawili walikuwa Wasukuma, watani vilevile.

"Nyinyi watu wa milimani," niliwaambia, "nani kawafundisha kupika? Pilau hili nalichukua, mlilie."

Tukayashika masufuria kwa khanga, moja baada ya jingine, tukayapeleka ng'ambo ya barabara. Majiko tukayamwagia maji. Bi Martina akasimama na mwiko wake, nikajua leo nimekwisha. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mpagazi wewe! Babu yako kabeba pembe za ndovu, wewe unabeba pilau!"

Tukangoja upepo wa mlimani usafishe hewa. Mwanahawa akalala kifudifudi kabisa, pua kwenye udongo, akasogea kutoka kwenye uzio hadi mlangoni, akarudi. Chausiku alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, sitaki kusema uongo.

Akainuka, akajikung'uta magoti. "Udongo mtupu," alisema.

Hatibu hakuridhika na maneno. Akapiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akanusa sehemu tatu, akasimama anacheka. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba bomba ni zima, lipimwe tena kamera ikirudi. Wachimbaji wakaweka sururu chini. Masufuria tukayarudisha, baada ya kukombolewa kwa ahadi ya sinia zima la ukoko.

Lazima niseme jambo. Sisi watu wa majitaka kwenye shughuli tunapewa chakula nje ya uzio, tena kwa heshima zote, na tumezoea. Siku hiyo Chausiku alimshika Mwanahawa mkono akamwingiza ndani kwa mwali, wanawake wakafunga mlango.

Alasiri Yasmin alitoka mabegani kwa mjomba wake, kapakwa mafuta, kainamisha uso. Mwanahawa alikuwa ubavuni kwake, kamshika mkono, kafungwa khanga mpya juu ya gambuti zake. Wanawake wakaujaza uwanja, ngoma ikakolea, vumbi likapanda. Mimi nilisimama pembeni nikiangalia miguu yote ile ikishindilia juu ya bomba la miaka hamsini, mwenyewe sithubutu kukanyaga hapo.

Mwanahawa akapita mbele yangu, jasho linamtoka. "Cheza, mtani," alisema. "Nimelipima."